Kula bata nje ya nchi si lazima Dubai: tuongelee Livingstone na Maporomoko ya Victoria, mwezi wa kwenda na cha kufanya

Mtu wa Kurasini (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila Desemba ikikaribia zinamiminika humu nyuzi za "nina vijisenti, niende wapi nje ya nchi na washkaji", na majibu ni yale yale: Dubai, halafu Dubai, halafu mmoja anataja Thailand. Sina ugomvi na Dubai. Ila kijana wa miaka ishirini na kitu, magoti mazima, hana ada ya mtoto inayomsubiri Januari, anamaliza hela kwenye viza na ndege ili akapige picha chini ya ghorofa. Ghorofa litakuwepo hata ukifika hamsini. Kushuka mto kwa boti ya mpira ukiwa na hamsini ni habari nyingine.

Naleta Livingstone, Zambia, mji ulio jirani na Maporomoko ya Victoria. Pasipoti ya Tanzania haihitaji viza kuingia Zambia, wala Zimbabwe, wala Botswana, na nchi hizo tatu zimebanana pale pale kwenye Zambezi. Hela ambayo ungeiacha ubalozini unaipeleka kwenye michezo yenyewe.

Sasa jambo ambalo naona wengi wanalikosea, na ndiyo sababu ya uzi huu: mwezi. Mtu anapata likizo, anakata tiketi, anafika pale na picha za Insta kichwani, anaambiwa "hiyo imefungwa mpaka Agosti". Pale ratiba anapanga mto. Ukielewa maji yanavyokwenda, umemaliza nusu ya kazi.

Mvua za Zambia zinanyesha kuanzia Novemba hadi Machi hivi. Lakini maji hayafiki maporomokoni siku hiyo hiyo. Yanatoka kaskazini-magharibi na Angola, kisha yanatandaa kwenye tambarare za Barotse, kule ambako Walozi huhama na mfalme wao, Litunga, kwa mitumbwi kwenye sherehe ya Kuomboka mafuriko yakipanda. Yakishatandaa kule kwa wiki kadhaa ndipo yanateremka. Kwa hiyo maporomoko yanafika kilele Aprili na Mei, wakati mvua yenyewe imeshakwisha na jua linawaka. Oktoba na Novemba ni kinyume chake: mawingu yanaanza kujikusanya, joto linaunguza, na upande wa Zambia unakuta sehemu kubwa ni miamba mitupu.

Ukienda Aprili au Mei utakuta ukuta wa maji wenye upana wa mita 1,708, na mahali penye kimo kirefu zaidi unafika mita 108. Mnyunyizo unapanda juu kuliko miti na unarudi kama mvua. Kuna kidaraja cha miguu upande wa Zambia kinaitwa Knife-Edge. Ukivuka mwezi huo unalowa mpaka soksi, hata ukikodi koti la mvua pale getini. Ni raha ya aina yake. Lakini Devil's Pool, kile kidimbwi cha kuogelea juu ya maporomoko, hakuna, na boti za mtoni ama zimefungwa ama zimefupishwa.

Ukienda kuanzia Septemba mpaka Desemba, maji ni machache, miamba inaonekana, Devil's Pool iko wazi, boti zinashuka mto mrefu. Ukitaka kuona maji mengi miezi hiyo unavuka upande wa Zimbabwe, ambako hayakauki mwaka mzima.

Mimi nikiambiwa nichague, nachagua mwisho wa Agosti hadi Septemba. Upande wa Zambia bado una maji ya kutosha, Devil's Pool imeshafunguliwa, joto halijawa la kutisha. Shida ni kwamba likizo za wengi wetu ni Desemba. Desemba nayo inakubalika kwa michezo, mradi usiende ukitegemea ule ukuta wa maji upande wa Zambia.

Natenganisha michezo kwenye posti inayofuata, nisije nikachosha watu.

Binti Sayari

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu, mimi na wenzangu wawili tuna likizo ya mwezi wa tisa.

Mtu wa Kurasini (mleta mada)

Twende kazi.

Devil's Pool. Ni kidimbwi juu kabisa ya maporomoko, ukingoni, upande wa Zambia. Kuna kizingiti cha mwamba chini ya maji kinachokuzuia usiende na maji. Unapelekwa kwa boti hadi kisiwa cha Livingstone, kile ambacho Mskoti David Livingstone alifikishwa na wenyeji kwa mtumbwi tarehe 16 Novemba 1855, akaongezewa sifa ya kuyagundua maporomoko ambayo wenyewe walikuwa wanayaishi miaka yote. Pale mnagawanywa vikundi vidogo, mnavua viatu, mnatembea juu ya mawe, kisha mnaogelea kipande kifupi kuukata mkondo. Mwongozaji anatangulia na kukuonyesha mahali pa kukanyaga. Msikilize, usijifanye wewe ni wa Kigamboni umezoea bahari.

Ukishaingia kwenye kidimbwi, maji yanakusukuma kuelekea ukingoni, mgongo unagota kwenye ule mwamba. Hapo ndipo akili inapokwambia umekufa na mwili unakwambia bado. Mwongozaji anakushika vifundo vya miguu, wewe unalala kifudifudi juu ya kizingiti na kuchungulia korongo. Jambo ambalo hakuna anayekusimulia kabla: kuna visamaki humo vinakudonoa vidole vya miguu. Mtu ameshika roho mkononi, anaangalia shimo la mita mia, halafu kitu kinamgusa dole gumba. Kelele za pale nyingi zinatokana na samaki.

Kinafunguliwa kuanzia katikati ya Agosti hivi mpaka katikati ya Januari, kutegemea maji ya mwaka huo. Wanaingiza watu wachache kwa siku na bei inaanzia dola mia na kuendelea, pamoja na chai au chakula kisiwani. Weka nafasi mapema, hasa kwa sikukuu.

Kushuka mto kwa boti ya mpira, Batoka Gorge. Hapa nitaongea kidogo zaidi kwa sababu ndipo hela yako inapoonekana. Chini ya maporomoko mto umebanwa kwenye korongo la miamba myeusi, na unaruka kwa hatua hatua. Kila ruko lina namba na mengi yana majina: Stairway to Heaven, Devil's Toilet Bowl, Oblivion. Namba tisa inaitwa Commercial Suicide, na hiyo hampiti. Mnashuka kwenye boti, mnatembea pembeni juu ya mawe, boti inapitishwa bila nyinyi.

Mnavaa kofia ngumu na jaketi la kuelea, mnafundishwa maneno machache kabla ya kuanza: piga kasia mbele, rudi nyuma, inama ushike kamba. Boti kupinduka ni kawaida, si ajali. Unazama, unakuwa kama nguo ndani ya mashine ya kufulia, jaketi linakurudisha juu, mwenzako anakuvuta kwa mabega ya jaketi. Kati ya ruko na ruko mto unatulia kabisa, hapo wanakuruhusu ujitose mwenyewe uelee ukiangalia kuta za korongo pande zote mbili.

Mziki wenyewe ni mwisho. Korongo lina kina cha zaidi ya mita mia mbili na unapanda kwa miguu, jua la mchana, mikono haina nguvu. Wakati wewe unahema kwenye kila kona, vijana wa pale wanakupita na mizigo ya boti kichwani, wana kandambili. Ukiwa na tatizo la moyo, mgongo au bega lililowahi kuchomoka, mwambie mwongozaji kabla. Hakuna ushujaa kwenye kuficha.

Banji darajani. Daraja la chuma la Victoria Falls lilifunguliwa 1905, mabaki ya ndoto ya Cecil Rhodes ya reli ya kutoka Cape mpaka Cairo. Mwenyewe alikufa 1902, hakuliona. Katikati ya daraja kuna watu wanakufunga kamba miguuni unaruka mita 111. Daraja liko kati ya mipaka miwili, kwa hiyo unaomba kibali cha darajani kwa watu wa uhamiaji, huhitaji kugongewa muhuri wa kutoka. Hata usiporuka, nenda ukaangalie wengine. Kuna starehe chache za bure kama kumtazama mtu aliyelipa dola mia na kitu akibishana na nafsi yake.

Vingine kwa haraka: kutembea kwa miguu na askari wa wanyamapori kuwaona faru weupe ndani ya Hifadhi ya Mosi-oa-Tunya, boti ya jioni juu ya maporomoko yenye viboko na tembo kingoni, makumbusho ya Livingstone ambayo yana asili ya 1934, kijiji cha Mukuni, na njia ya kushuka Boiling Pot, pale maji yanapozunguka chini ya maporomoko. Hiyo ya mwisho umeshailipia kwenye kiingilio cha maporomoko. Angalia nyani, wanajua mlio wa mfuko wa nailoni kuliko wewe.

Maswali karibuni.

Mzee wa Hesabu

Uzi mzuri ila mleta mada umekwepa jambo moja. Jumla inakuja ngapi? Maana ukiniambia kila mchezo unaanzia dola mia, michezo mitatu ni mshahara wa mtu.

Mtu wa Kurasini (mleta mada)

@Mzee wa Hesabu sijakwepa. Nauli zinabadilika na dola inabadilika, nikiandika namba leo mwakani mtu atanitukana. Mpangilio wangu ni huu: chagua mchezo mmoja mkubwa, ulipe kwa roho safi, mengine yawe ya bei ndogo. Anayetaka yote matatu ndiye anayerudi amekopa. Na usichague kwa picha, chagua kwa mwezi na kwa mwili wako. Hujui kuogelea hata kidogo? Banji haihitaji kuogelea. Unaogopa kimo? Nenda mtoni, mtoni uko chini tayari.

Halafu ukifika popote toa pasipoti na uulize bei ya raia wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo nasi tumo. Upande wa Zimbabwe kiingilio cha hifadhi kina bei tatu: mwenyeji, mtu wa SADC na mgeni wa mbali. Ukinyamaza, mwenye tiketi hana kazi ya kukukumbusha. Baadhi ya kampuni za michezo nazo hupunguza, ila lazima uulize kabla hujalipa.

Konda Mstaafu

Hilo la banji hapana. Si ndilo daraja kamba ilikatika ikamwangusha mzungu mtoni?

Mtu wa Kurasini (mleta mada)

Ndilo. Tarehe 31 Desemba 2011, binti kutoka Australia. Kamba ilikatika akaanguka mtoni miguu ikiwa imefungwa, akaogelea akatoka, alinusurika. Muda mfupi baadaye waziri wa utalii wa Zambia akaenda kuruka mwenyewe mbele ya kamera kutuliza watu. Sikuambii uruke. Kabla ya mchezo wowote pale unasaini karatasi kwamba hatari umeikubali mwenyewe, na bima nyingi za safari za bei rahisi haziigusi michezo ya namna hii. Soma bima yako, neno kwa neno, ile sehemu ya mambo wasiyolipia.

Nyundo ya Tunduma

Mimi ni dereva, njia ya shaba naijua kama chumba changu. Naona mleta mada ameanzia Livingstone kana kwamba mtu anadondoka na parachuti. Ngoja nijazie njia kwa wale wa barabarani.

Dar mpaka Tunduma ni kama kilomita 930, Mikumi, Kitonga, Makambako, Mbeya. Ukishavuka Nakonde bado una kilomita elfu moja na ushee mpaka Lusaka, kupitia Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi na Kabwe. Lusaka mpaka Livingstone ni basi la saa sita, saba. Msidanganyane kwamba ni safari ya wikiendi. Kwa basi, kwenda na kurudi kunakula sehemu kubwa ya likizo, na mwisho wa siku unafika na miguu imevimba. Mwenye siku chache apande ndege mpaka Lusaka au Livingstone kwenyewe, hata kama ni kwenda tu halafu arudi kwa basi.

Mpakani: Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja, unamaliza pande zote mbili sehemu moja. Foleni mnayoiona ya malori ni yetu, abiria wana yao. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, halisi, na chanjo upate siku kumi kabla ya safari. Kuna watu wanauza kadi bila sindano, achana nao. Ukiulizwa unakwenda wapi sema utalii Livingstone, onyesha nafasi ya gesti uliyoweka. Ukijikanyaga kanyaga maneno ndipo wanaanza kukuuliza habari za biashara.

Pesa: wale vijana wenye mabunda ya kwacha mkononi watakuzonga kabla hujashuka. Badilisha kiasi cha nauli na chakula tu, hesabu mwenyewe, noti moja moja, na usimrudishie bunda akuhesabie upya. Akishalishika mara ya pili, limepungua. Kiasi kingine badilisha Lusaka kwenye duka la fedha au toa kwenye mashine.

Na saa! Zambia wako nyuma yetu saa moja. Simu itajirekebisha yenyewe, ile saa ya mkononi haijirekebishi. Kwenda unapata saa ya bure, kurudi unaachwa na basi.

Dada wa Ng'ambo

Assalamu alaykum wote. Ahsante kaka Nyundo, nimefaidika. Mie niko Unguja, tunataka kwenda wanawake watatu. Maswali yangu: usalama wa wanawake peke yao, mavazi ya kuogea maana mie sivai vile vya kwenye picha, na chakula.

Nyundo ya Tunduma

Wa alaykumu salaam dada. Kwenye usalama, barabarani pangeni mfike mji mchana. Kituo cha mabasi Lusaka kina wapiga debe kama Ubungo ya zamani, watakuvuta begi huku na huku. Nendeni moja kwa moja kwenye dirisha la kampuni. Hayo ya kuogea namwachia mleta mada.

Binti Sayari

Nijibu mimi hapo, nimewahi kufika na dada zangu. Mavazi hayana shida hata kidogo. Suruali ya kubana ya mazoezi, fulana ya mikono mirefu, kilemba cha kuogelea kilichobana, unaingia Devil's Pool vizuri kabisa. Kwenye boti ya mtoni ndiyo bora zaidi, maana jua la korongoni linachoma na miamba inachubua. Kinachokatazwa ni nguo nzito ya pamba. Ikilowa inakuvuta chini. Mtandio uache kisiwani. Kwenye kundi letu kulikuwa na mabinti wawili wamejifunika kuliko sisi na walikuwa wa kwanza kulala ukingoni.

Chakula: nshima ni ugali wetu tu, na unaliwa na kapenta, yaani dagaa wa Kariba na Tanganyika. Samaki wapo wengi, ukitaka kuku uliza kachinjwaje. Jaribu chikanda, inatengenezwa kwa viazi vya mmea wa porini na karanga, inakatwa vipande kama keki. Na kinywaji cha munkoyo, kile ambacho hakijachachuka.

Usiku msitembee kwa miguu kati ya mji na maporomoko. Ni kilomita kama kumi na tembo wanavuka barabara ile. Chukueni teksi tu.

Msee wa Donholm

Niaje watu wangu wa TZ. Uzi uko sawa kabisa, lakini mbona mnaruka Jinja? Sisi Nairobi tunapanda basi usiku, asubuhi tuko Nile. Tunaingia Uganda na kitambulisho tu. Maji ya Nile yana joto, ni mengi, ukianguka unaelea. Zambezi ni ya mtu ameshajaribu. Anza Jinja, au hata Sagana kwa mto Tana kama ni mara yako ya kwanza kabisa, ndio uende huko kwa wanaume.

Mtu wa Kurasini (mleta mada)

@Msee wa Donholm karibu sana jirani. Hoja yako naikubali nusu. Kwa wa Mwanza na Bukoba, Jinja ni karibu kuliko hata Dar, waende. Lakini Jinja ya leo siyo ile ya zamani. Bwawa la Bujagali lilipoanza 2012 lilimeza maruko ya juu, na Isimba la 2019 likameza mengine ya chini. Yaliyobaki bado ni mazuri, ila mto umekatwa vipande.

Na hicho ndicho kinachonifanya niwahimize watu wasiisogeze Batoka mbele kila mwaka. Zambia na Zimbabwe wana mpango wa siku nyingi wa kujenga bwawa la umeme ndani ya korongo lile, megawati 2,400. Likijengwa, maji yatarudi nyuma na maruko mengi yatakuwa chini ya ziwa. Siwalaumu, anayekaa gizani Lusaka saa kadhaa kwa siku ukame ukipiga bwawa la umeme la Kariba hawezi kuona umuhimu wa boti yako ya mpira. Ila wewe mwenye magoti, nenda kabla.

Msee wa Donholm

Hiyo ya dam ni ukweli mchungu. Bujagali nilipelekwa nikiwa mdogo, saa hii ni maji tu imetulia kama supu. Nimekuelewa.

Konda Mstaafu

Mimi swali langu ni treni. TAZARA si ndiyo bata yenyewe? Baba yangu alikuwa anatusimulia wanyama dirishani.

Nyundo ya Tunduma

TAZARA ni kilomita 1,860, Dar mpaka Kapiri Mposhi, na ni kweli inakatiza hifadhini unaona wanyama. Lakini usipange likizo kwa kuitegemea. Treni ya abiria imekuwa ikisimama na kurudi, na hata inapotembea kuchelewa ni sehemu ya tiketi. Nenda stesheni pale Dar uulize ana kwa ana kama inatembea na lini, usiamini ratiba uliyookota mtandaoni. Na ukishuka Kapiri bado una kilomita karibu mia mbili mpaka Lusaka.

Konda Mstaafu

Basi nitapanda kwenda, kurudi ndege. Nimestaafu ukonda, sijastaafu kusafiri. Au uzi ni wa vijana tu?

Mtu wa Kurasini (mleta mada)

Mzee wangu karibu, wewe chukua faru na boti ya jioni.

Mzee wa Hesabu

Nimepiga hesabu. Tatizo siyo bei, tatizo ni marafiki. Nimewahi kupanga safari ya kundi, watu kumi na wawili kwenye grupu la WhatsApp, siku ya kulipa tukabaki wanne, na gharama za gari zilizopigwa kwa kumi na wawili zikatuangukia. Tena wakala mmoja wa mjini tuliyempa malipo ya awali kwa "kifurushi cha kila kitu" alituzungusha miezi kurudisha.

Binti Sayari

Sisi tulifanya mchezo wa kupeana pesa kwa zamu. Kila mwezi mnachanga, anayepokea zamu yake hakai nazo, analipa kitu chake kimoja kwa jina lake: huyu tiketi, huyu Devil's Pool. Atakayejitoa anajitoa na tiketi yake, hakuachii deni. Na msilipe kifurushi. Kila mchezo pale una mwenyewe, andika barua pepe moja kwa moja, lipia sehemu tu, maliza ukifika. Hosteli nyingi za Livingstone zinakuwekea nafasi bila kuongeza, na ndipo mnakutana na wasafiri wa kugawana nao teksi.

Dada wa Ng'ambo

Na Botswana je? Nimesikia unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Mtu wa Kurasini (mleta mada)

Unaweza. Kutoka Livingstone mpaka Kazungula ni kama saa moja. Zamani mlivuka kwa pantoni; tangu Mei 2021 kuna daraja la mita 923, limepinda katikati ili lisikanyage ardhi ya Zimbabwe. Ng'ambo yake ni Kasane na Hifadhi ya Chobe. Asubuhi boti, mchana gari, jioni umerudi. Sasa hapa nitasema ukweli wangu: Mtanzania ambaye hajafika Mikumi wala Serengeti asilipe dola kwenda kuona tembo Botswana. Tembo wa Chobe ni wengi kweli kweli, na kuwaona wakiogelea kutoka kwenye boti ni kitu. Lakini kama bajeti inabana, hicho ndicho cha kukata. Banji hatuna nyumbani, tembo tunao.

Zimbabwe hiyo msiikate. Mnavuka daraja kwa miguu, asubuhi mapema, mnaingia hifadhi yao, mnatembea njia nzima mkiyatazama maporomoko uso kwa uso. Bebeni dola za noti ndogo ndogo, chenji kule ni kesi. Wana sarafu yao mpya, ZiG, tangu 2024, ila kwa mtalii dola ndiyo inayoongea.

Kama mko pale mwezi mpevu na maji bado ni mengi, Juni kwa mfano, hifadhi hufunguliwa usiku. Mwanga wa mwezi unatengeneza upinde kwenye mnyunyizo. Kwa macho unauona kama mkanda mweupe. Rangi zinatokea kwenye kamera ukiacha lenzi wazi sekunde kadhaa. Beba kitu cha kusimamishia simu.

Binti Sayari

Nyongeza ya mwisho kwangu: mfuko wa plastiki wenye zipu kwa pasipoti na simu, viatu vya kufunga mguuni maana kandambili mto unachukua, dawa ya mbu, na nakala ya pasipoti iachwe gesti. Kiswahili kitakufikisha Nakonde, baada ya hapo ni Kiingereza na tabasamu.

Dada wa Ng'ambo

Shukran jamani. Tumekaa wote watatu jioni hii, tumekubaliana Septemba. Ndege mpaka Lusaka, basi mpaka Livingstone. Mmoja mto, mie Devil's Pool, wa tatu anasema atashika simu zetu.

Mzee wa Hesabu

Desemba nani yupo? Mchezo uanze mwezi huu, watu sita, si kumi na wawili. Na anayepokea wa kwanza ndiye anayelipia gesti.

Konda Mstaafu

Niandike. Ila wa kwanza asiwe mimi.